Kurudisha regulita kwenye mtungi wa peintboli ukitoka kupimwa presha

Mitungi yetu ya hewa, ile inayosukuma risasi za rangi kwenye mchezo wa peintboli, ikitoka kupimwa Dar es Salaam hurudi Tanga ndani ya kiroba, mitupu, shingo zimezibwa kwa vifuniko vya plastiki, na regulita zake, zile valvu za kupunguza presha, ziko kwenye mfuko mwingine. Hurudi hivyo kwa sababu mtungi haupimwi ukiwa na regulita yake. Mpimaji huifungua, hujaza maji, kisha hupandisha presha hadi tano kwa tatu ya presha ya kazi na kuangalia mtungi umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Mtungi wa alumini wa psi 3000 (psi ni kipimo cha presha) hupandishwa hadi psi 5000. Ule wa nyuzi za kaboni wa psi 4500 hupelekwa hadi 7500. Hutumika maji kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Mtungi mbovu ukipasuka ndani ya mashine, maji yanamwagika, basi. Ukifaulu, unapewa tarehe mpya. Halafu lazima mtu airudishe regulita mahali pake.

Kabla hujashika spana, elewa jambo moja, maana hatua zote zilizo hapa chini zinatoka humo. Pale regulita inapoungana na mtungi kuna kazi mbili tofauti. Kinachozuia hewa isivuje ni oringi, ile pete ya mpira. Kinachozuia regulita isiruke ni meno ya skrubu. Oringi haizibi kwa sababu umekaza sana. Hewa yenyewe ndiyo huisukuma ikajibana kwenye kona yake. Na meno hayashiki zaidi kwa sababu umekaza sana. Hushika kwa sababu yanalingana na wenzao na yameingia yote. Ukichanganya hizi kazi mbili, utaona povu la sabuni ya kupimia uvujaji shingoni na mkono utaenda kwenye spana. Hapo ndipo watu huumia.

Piga hesabu mwenyewe. Shingo ya mitungi mingi ya peintboli ina tundu la kama milimita 16. Psi 4500 ni bar 310. Mtungi ukijaa, regulita inasukumwa itoke nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600, uzito wa bodaboda tano zilizoning'inia kwenye kile kipande cha chuma unachokishika kwa vidole viwili. Hata mtungi mdogo wa psi 3000 unasukuma kwa kilo 400 na ushee.

Na tuwe wakweli: watengenezaji huandika kwamba kazi hii ni ya fundi aliyefundishwa, na sina ubishi nao. Kama hujawahi, simama kando ya anayejua mara tatu nne ndipo ushike mtungi wako.

Soma mtungi kabla ya kuugusa

Tafuta tarehe ya kupimwa: mwezi, alama ya mpimaji, mwaka. Kwenye alumini imegongwa begani. Kwenye kaboni haigongwi; hubandikwa lebo iliyofunikwa na gundi ngumu ya epoksi. Kipimo ni kila baada ya miaka 5 kwa mitungi mingi. Lakini mitungi mingi ya kaboni ina ukomo wa miaka 15 tangu itengenezwe, na ukomo huo haurefushwi kwa kipimo. Mtungi uliotengenezwa 2010 ulimaliza maisha yake 2025, hata kama unang'aa kama sufuria mpya.

Zungusha mtungi kwenye mwanga. Kaboni iliyokatika nyuzi, epoksi iliyobabuka, alama ya kuungua: weka pembeni, uliza. Kupita kipimo jana hakuzuii mtungi kuangushwa leo asubuhi wakati wa kushusha mizigo kwenye basi.

Andika kwenye daftari presha ya kazi iliyoandikwa kwenye mtungi. Utaihitaji utakapofika kwenye regulita.

Kukausha, na hapa Tanga usifanye mzaha

Mtungi umetoka kujazwa maji. Mpimaji mzuri huukausha, lakini wewe hukuwepo. Na hata ukija mkavu, umefunguliwa kwenye mji ambao alfajiri mabati yanadondosha maji bila mvua. Shingo ikikaa wazi usiku kucha karakanani Ngamiani au Chumbageni, unyevunyevu wa bahari unaingia wenyewe.

Nilijifunza hili kwa hasara yangu. Mwaka wa kwanza nilipokea mitungi sita, nikaitazama juu juu, nikafunga regulita siku hiyohiyo kwa kuwa Jumamosi kulikuwa na kundi la wanafunzi kiwanjani. Miezi michache baadaye regulita mbili zikaanza kupitisha hewa kwa kusuasua. Nilipozifungua, vile vichujio vidogo vya shaba vilikuwa vimeziba kwa unga mweupe kama chokaa. Ule unga ni alumini iliyoliwa na maji. Matone machache yaliyobaki chini ya mtungi yalitosha.

Siku hizi nafanya hivi. Mtungi unalala kichwa chini kwenye kibao chenye matundu, saa kadhaa, maji yaliyojificha yashuke. Kisha napuliza hewa kavu ndani kwa mpira mwembamba unaofika hadi kitako. Hewa kavu maana yake ni hewa ya mtungi wa kupigia mbizi, iliyopita kwenye vichujio vya kompresa yake, ikiwa imepunguzwa presha kwanza. Kompresa ya kujazia matairi haifai: inatema maji na mafuta, utakuwa umeuchafua mtungi huku ukidhani unausafisha. Usipokuwa na hewa kavu, mashine ya kukaushia nywele inasaidia, kwa joto ambalo mkono unavumilia. Jiko la mkaa, moto wa gesi, au kuuacha juu ya bati la jua kali, hapana. Joto kubwa hulegeza alumini na kuharibu gundi ya kaboni, na hakuna atakayeiona hasara hiyo kwa macho.

Kisha tia taa ndogo ya LED ndani. Unatafuta matone, madoa meupe, vumbi la chuma, chochote kinachotembea ukitikisa. Ukiona mkavu na msafi, ziba shingo palepale mpaka regulita iwe tayari.

Meno: hapa usiharakishe

Mitungi ya peintboli haina shingo ya aina moja. Mingi ni ya 5/8 ya inchi, meno 18 kwa inchi. Iliyotoka Ulaya unaweza kukuta M18, yaani milimita 18 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.5. Ipo pia ya 3/4 ya inchi, meno 16. Mitungi ya hewa ya kupumulia ya askari wa zimamoto ambayo wengine huigeuza kwa ajili ya kuhifadhia hewa ina 7/8, meno 14.

Sasa sikiliza. Regulita ya M18 ukiijaribu kwenye shingo ya 3/4 inaingia. Inaingia vizuri tu, kwa sababu hatua ya meno inakaribiana: milimita 1.5 kwa 1.59. Lakini shingo ni pana zaidi, kwa hiyo meno yanashikana kwa theluthi tu ya kina chake. Oringi inaweza kuziba. Sabuni isitoe povu. Kila kitu kikaonekana salama, na kile kilichopaswa kuzuia kilo mia sita kimeshika kwa ncha za meno. Wapiga mbizi wanaijua hatari hii kwa jina lingine: valvu ya M25 kwenye mtungi wa 3/4 wa meno 14. Imewahi kurusha valvu kama risasi.

Nami niliikaribia. Regulita zilirudi kutoka safarini zikiwa zimechanganywa kwenye mfuko mmoja, bila alama. Nikachukua ya kwanza, ikaingia kwenye shingo ya kwanza, nikafurahi. Kabla haijafika mwisho niliitikisa kwa mazoea, ikacheza. Kidogo, kama jino la mtoto. Nikatoa zote, nikakaa chini, nikapima moja moja. Tangu siku hiyo kila regulita inaondoka Tanga imefungwa karatasi yenye namba ya mtungi wake, na kipande cha tepu yenye namba hiyohiyo kiko shingoni mwa mtungi.

Kwa hiyo pima kwa kalipa, na tumia geji ya meno, ile yenye majani mengi kama kisu cha mfukoni. Soma kilichoandikwa kwenye regulita na kwenye mtungi. Vikipingana, au pasiposomeka, acha. Usikisie kwa macho na usikubali kauli ya "mbona imeingia".

Kisha safisha meno ya pande zote mbili kwa brashi ya nailoni na spiriti ya isopropili, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Jino lililolala, lililopasuka au lenye ukungu mweupe halisafishwi likapona. Mtungi huo unarudi kwa mpimaji.

Regulita yenyewe

Oringi ya shingo haitumiki mara mbili. Ni kitu cha bei ndogo mno kubishania. Iwe ya saizi na aina aliyotaja mtengenezaji, maana laini mno hutoboka na ngumu mno haikai. Chunguza mfereji wake kwa ukucha. Mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha.

Paka oringi grisi ya silikoni inayokubalika na mtengenezaji, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Grisi ya bearingi, oili ya injini, mafuta ya nazi (nimeyaona), hapana kabisa. Fundi wa dizeli atanielewa haraka: injini yake haina plagi, hewa inabanwa ghafla, inapata joto, mafuta yanawaka. Ukiacha mafuta kwenye shingo ya mtungi kisha ukaujaza kwa haraka, umetengeneza injini ya dizeli isiyo na eksozi. Mikono pia: aliyetoka kushika gia boksi anawe kwa sabuni kwanza.

Sasa rudi kwenye ile presha uliyoandika daftarini, utazame diski ya usalama, kile kisahani kidogo ndani ya skrubu yenye tundu, upande wa presha kubwa. Kazi yake ni kupasuka kabla mtungi haujapasuka. Kwa mtungi wa psi 3000 diski huwa ya 5000. Kwa wa 4500, ya 7500. Tazama vizuri namba hizo: ni zilezile za kipimo cha maji. Yaani diski inakubali presha ifike pale mtungi ulipothibitishwa, isivuke. Ukichukua regulita ya 4500 ukaiweka kwenye mtungi wa 3000, itaingia, itaziba, meno ni yaleyale. Siku mjazaji atakaposahau, mtungi utapita 5000 na diski itakuwa bado inasubiri 7500. Hakuna povu litakalokuonya. Diski iliyopasuka hubadilishwa kwa ya namba ileile. Aliyewahi kuziba tundu lake kwa skrubu ya kawaida asinikaribie.

Geji na mdomo wa kujazia vikaguliwe pia, lakini kwa hivyo sina maneno mengi. Vimekaa, havijapinda, kioo hakijajaa maji, twende.

Kuifunga

Mtungi unasimama kwenye kitu laini, umeshikwa kwa spana ya mkanda au kwa vibao viwili vyenye raba. Vaisi ya chuma isiguse kaboni. Shingo iwe juu.

Weka regulita wima, izungushe kinyume taratibu kama unaifungua. Utahisi imeshuka kidogo, tik. Hapo jino limekuta mlango wake. Sasa geuza, ifunge kwa vidole. Vidole vitatu, si kiganja. Inatakiwa iende laini mpaka mwisho huku unahesabu mizunguko. Ikigoma katikati, toa, tazama, anza upya. Ikicheza, umeshasoma kisa changu.

Usiweke utepe mweupe wa mafundi bomba. Ule ni wa meno yanayoziba yenyewe. Haya hayazibi, na vipande vyake vitaishia kwenye pistoni iliyo ndani ya regulita. Gundi ya kufungia skrubu nayo usiongeze kwa busara yako: kama mtengenezaji ameitaja, tumia aliyoitaja, kama hakuitaja, acha pakavu.

Bega la regulita likikaa juu ya shingo pande zote, bila mwanya unaopitisha hata karatasi, umefika. Kama mtengenezaji ametoa kipimo cha kukazia, tumia spana ya toki na ufuate namba yake. Kama hakutoa, kaza kidogo tu kwa mkono, lisiweze kulegea lenyewe. Spana ikamate mwili wa regulita, si ile kofia ya mbele inayoingia kwenye bunduki. Kofia ikizunguka umefungua regulita badala ya kufunga mtungi. Na geji si mpini.

Kisha chukua rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe, uchore mstari mmoja unaoanzia kwenye regulita, ukavuka kiungo, ukashuka begani mwa mtungi. Mke wangu alidhani natania nilipomwomba kichupa chake. Mstari huo una historia ya msiba. Mwaka 2004 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wawili kufa: mitungi ya gesi ya kaboni dioksidi ilipokuwa ikifunguliwa kutoka kwenye bunduki za peintboli, kilichozunguka ni valvu kutoka kwenye mtungi, si mtungi kutoka kwenye bunduki. Mtungi ukaruka. Mstari ukiwepo, hata mchezaji wa miaka 15 anaona kwamba umekatika, anaacha kuzungusha na anamwita mtu.

Kujaza mara ya kwanza

Mtungi usijazwe ukiwa mbele ya uso wa mtu, wala kitako chake kisielekee watu. Sisi tunaulaza nyuma ya ukuta wa matofali, mpira mrefu, miwani machoni.

Fungua hewa polepole hadi psi 500, yaani bar 35 hivi. Funga. Paka maji ya sabuni kwa brashi laini: shingoni, kwenye mdomo wa kujazia, kwenye geji, kwenye diski zote mbili (ile ya presha kubwa na ile ndogo ya upande wa mbele), kwenye pini ya mbele inayobonyezwa hewa itoke na kwenye vitundu vidogo vya mwili wa regulita. Subiri dakika tano. Povu likitoka shingoni, ni oringi ya shingo au mfereji wake. Likitoka kwenye kitundu cha mwili, ni oringi ya pistoni ndani. Likitoka kwenye pini, ni kikalio cha valvu ya mbele.

Vyovyote iwavyo, toa hewa yote kwanza. Yote. Hapa ndipo mteja husema, "Fundi, si ukaze kidogo tu?" Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, naelewa haraka zao, lakini kiungo chenye presha hakiguswi na spana, iwe psi 500 au 50. Oringi iliyovuja haiponi kwa kukazwa, na mtu anayezungusha regulita yenye hewa hajui kama anaifunga au anaifungua mpaka awe amechelewa. Geji ikisoma sifuri bado usiamini. Geji ndogo hizi hukwama. Bonyeza pini kwa kifaa chake ukielekeza mbali na watu, sikiliza mpaka kimya, ngoja, bonyeza tena.

Pakiwa pakavu kwa psi 500, panda hadi nusu ya presha ya kazi, paka sabuni tena, kisha panda hadi mwisho. Taratibu, maana mtungi utapata joto. Ukiushika na mkono ukaruka nyuma, umejaza kwa kasi mno. Kila ngazi tazama ule mstari wa rangi.

Pima pia hewa inayotoka mbele. Regulita nyingi hutoa karibu psi 800, nyingine zimewekwa chini, karibu 450. Muhimu ni kwamba namba iwe ile iliyokuwapo kabla ya safari na isipande yenyewe ukiiacha dakika kumi. Ikiendelea kupanda taratibu, kikalio hakifungi, na siku moja diski ndogo ya upande wa mbele itapasuka katikati ya mchezo kwa kishindo cha kuangusha watu wote chini.

Uache mtungi kivulini usiku mzima. Asubuhi geji itakuwa imeshuka na wengi hushtuka bure. Mtungi uliojazwa ukafika nyuzi joto 45, ukapoa hadi 28, hupoteza kama asilimia 5 ya presha bila kuvuja hata tone: 4500 inakuwa 4260 hivi, 3000 inakuwa 2840. Ikiwa imeshuka zaidi ya hapo, rudisha sabuni yako.

Ukiridhika, andika kwenye daftari namba ya mtungi, tarehe ya kipimo, aina ya meno, namba ya diski, siku uliyobadilisha oringi na jina la aliyefunga. Mdomo wa kujazia uvishwe kofia yake ya plastiki, maana mchanga wa kiwanjani unapenda sana kuingia pale. Na mwenye mtungi akija kuuchukua, mwonyeshe mstari wa rangi, umwambie akiukuta umekatika asijaribu kuurudisha kwa mkono. Abonyeze pini mpaka kimya, auache chini, anipigie.